Zamu ya Mahoro

Siku nesi Kemilembe alipotuonyesha kile kishikwambi, alikuwa na furaha ya mtu anayeozesha binti. Alikiinua juu, akakizungusha ili hata sisi wa benchi la nyuma tukione, akasema kuanzia leo kila mtoto atakayechanjwa ataingizwa humo. Kila kadi ya kliniki ingebandikwa karatasi ndogo yenye mistari myeusi, kama ile ya kwenye pakiti za sabuni. Ukifika, mistari inapigwa picha na mtoto wako anatokea: jina lake, mama yake, baba yake, kijiji chake, chanjo alizopata na alizokosa.

"Hakuna mtoto atakayepotea tena," alisema. "Hata uhamie Mwanza. Hata uolewe Kyerwa. Mtoto akifika kliniki, anaonekana."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa moyo wote, maana kadi ya Cleophace, mwanangu wa kwanza, ililiwa na panya, na ya anayemfuata niliifua pamoja na suruali ya baba yao. Nilimgeukia Kantengwa, jirani yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamfunika mwanawe kichwa kwa kanga, na wanawake walipoanza kujipanga foleni, yeye alitoka kupitia upande wa choo akashika njia ya nyumbani.

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, mume wangu Apolinary anajua, na kuku wa majirani pia wanajua. Tulikuwa tumetembea pamoja juani ili Mahoro wake apate kadi, halafu anaondoka bila hata kuniaga.

Kantengwa na mumewe Hagenimana wanaishi mwisho wa kibanja chetu, kule migomba inapopakana na bonde. Walikuja huku Nyabiyonza wakiomba kazi ya kupalilia kahawa, wakabaki. Tunalima pamoja, na tukikata mkungu wa ndizi, nusu huenda kwao bila mtu kuulizwa. Asili yao ni Rwanda, lakini Kantengwa amezaliwa huku huku, upande wa Kyerwa, na Kinyambo anakisema vizuri kuliko watoto wangu. Tulijifungua karibu karibu. Mimi nilijifungulia zahanati, Kemilembe akinifokea kama kawaida yake, nikapata binti, Vero. Yeye alijifungulia kwake, mkekani, mimi nikiwa nimejikokota kwenda kumshika mkono, naye akapata binti, Mahoro. Ndiyo maana Mahoro hakuwa na kadi.

Nilimkuta nyumbani kwake anamenya ndizi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeniacha kule naongea na benchi kama mwendawazimu," nilimwambia.

"Nisamehe, Mama Cleophace."

"Na kadi ya mtoto je?"

Aliendelea kumenya. Alipoanza kunieleza, alieleza kwa sauti ile ile ambayo angeniambia chumvi imekwisha.

"Tulipokuwa kule Kyerwa, walikuja watu kutuandika. Walikuja kwa upole, na daftari. Jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, mmetoka wapi. Tuliwapa na viti. Baadaye ikaja ile operesheni, na kila mlango wa kugonga ulikuwa unajulikana."

Mwaka wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji naukumbuka. Kila mtu huku anaukumbuka. Watu walipita barabarani na magodoro kichwani na mbuzi wao mbele. Wengine walirudi baadaye kimya kimya, wengine hatukuwaona tena.

"Hiki si cha uhamiaji," nilimwambia. "Ni cha chanjo."

"Na lile daftari walisema ni la maendeleo ya kijiji."

Hasira ikanipanda zaidi. Nikamwambia basi ungechukua kadi ya karatasi tu, ya zamani. Akasema hata yeye ndiyo aliyokuwa ameifuata.

"Kadi ya karatasi nailaza chini ya godoro langu," alisema. "Hicho kidude wakikizima, jina la mwanangu linalala wapi?"

Huku kwetu kitu cha jirani kinaazimwa: jembe, chungu, makaa ya moto, hata gauni la kwendea msibani. Kadi za kliniki nazo watu waliwahi kuazimana. Mama ambaye yake imepotea anabeba ya jirani ili mtoto asikose sindano, na maisha yanaendelea. Vero alikuwa ameshapata sindano ya kwanza ya paja. Ya pili ilipofika, nilimpa Kantengwa kadi ya Vero, yenye mistari yake yote, nikamwambia ambebe Mahoro aende.

"Ukiulizwa, sema ni mtoto wa Restuta, jirani yako, mwenyewe yuko shambani."

Ilikuwa siku ya mkoba, yaani wahudumu wanapotufuata kijijini, na walikaa kwenye ukumbi wa kanisa letu la Kilutheri. Kemilembe hakuja. Alikuja Gideon, kijana mgeni kutoka Bweranyange, ambaye hakumjua mtu. Alipiga picha mistari, kishikwambi kikasema huyu ni Vero Apolinary, naye akamchoma Mahoro. Sindano ya tatu akaenda Vero. Tuligawana kama tunavyogawana mkungu, na mimi nikaona tumefanya jambo la busara. Nilidhani sindano ni sindano, ukichomwa umechomwa. Haikunipitia akilini kwamba kila moja ina kazi yake na kwamba nyingine haiwezi kuifanya kwa niaba yake.

Kilichotusumbua ni mzani tu. Mahoro ni mdogo wa umbo kama mama yake. Vero ana mwili wa ukoo wa Apolinary, watu ambao kiti hulalamika wakikaa. Kwa hiyo ndani ya kishikwambi mtoto wangu alipanda, akashuka, akapanda. Siku ya sindano ya tatu Gideon alinitazama kwa huruma, akaniambia mbele ya watu kwamba mwezi uliopita mtoto alikonda sana. Kisha akanifundisha kunyonyesha. Kijana ambaye hajaoa, ananifundisha kunyonyesha mimi niliyelea wanne kabla ya huyo, nami natazama chini na kuitikia ndiyo mganga, ndiyo mganga.

Nilipomsimulia Kantengwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Si mtu wa kucheka ovyo, kwa hiyo nilimsimulia tena.

Miezi ikaenda, kahawa ikaanza kuwa nyekundu mitini, na siku moja simu ya Apolinary ikalia. Aliusoma ujumbe kwa sauti: mzazi wa Vero Apolinary anakumbushwa kumleta mtoto kupata chanjo ya surua, kliniki ya Alhamisi.

"Matapeli hawa," alisema. "Sasa wamejua mpaka jina la mtoto."

Alikuwa ameshaweka kidole ili aufute. Nikamnyang'anya simu.

Wiki hiyo hiyo ilikuja habari kutoka Murongo. Hagenimana hufanya kazi huko mpakani, kubeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uganda, na hurudi kwake Jumamosi kwa bodaboda. Alisema katika nyumba wanazopanga wapagazi wenzake watoto wameshikwa na homa, macho mekundu, vipele mwili mzima, na kwamba mmoja wamemzika. Jumapili mchungaji akatangaza kanisani kuwa ni surua, na kwamba kila mtoto aliyefikisha miezi tisa apelekwe Alhamisi bila kukosa.

Nilipiga hesabu pale pale kwenye benchi la kanisa, na hesabu yenyewe haikuhitaji shule. Ya kwanza alipata Vero. Ya pili, Mahoro. Ya tatu, Vero. Hii ya surua, kwa umri wao, ilikuwa moja tu, na ilikuwa zamu ya Mahoro.

Sikutaka kuitoa. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Vero alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukingo wa kiti, akijipongeza mwenyewe kwa kelele, na kila nilipomtazama niliona vile vipele. Niliwaza: kadi ni yake, jina ni lake, mama yake alijipanga foleni. Kwa nini mwanangu alipie woga wa mtu mwingine? Halafu nilimwaza Hagenimana anavyofika Jumamosi na shati lile lile alilobebea mizigo, na kabla hajaketi anamnyanyua Mahoro juu. Kama surua ingekuja kwetu, ingeanza kuingia mlango ule wa kule chini.

Kumpeleka mmoja leo na mwingine kliniki inayofuata haikuwezekana. Kishikwambi kikishaandika kwamba Vero amechanjwa surua, ukimleta tena kinakataa. Ya karatasi ningeifuta kwa mate.

Siku zile nilipita njia ya juu nilipokwenda kuchuma kahawa, ili nisipite mlangoni kwao. Nilikata mkungu, nusu yao nikaiacha kwenye shina la mgomba, mtu aichukue mwenyewe. Kantengwa naye hakuja kuniuliza kitu. Kimya chake kilinikera kuliko kama angekuja kudai. Mtu akikudai, angalau unaweza kugombana naye.

Alhamisi asubuhi alikuja. Alikuwa na Mahoro mgongoni, akasimama uani mbali na mlango.

"Shikamoo, Mama Cleophace."

"Marahaba. Ingia basi."

"Hapa panatosha. Nimekuja kukwambia umpeleke Vero."

Vero alikuwa mikononi mwangu, ameshavaa gauni la Jumapili na soksi zake za pinki. Kantengwa aliziona zile soksi. Sikuwa na pa kuzificha.

"Ni zamu ya Mahoro," nilisema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuipenda.

"Kadi ni ya Vero. Mpeleke. Ninachoomba, asiletwe kwangu kwa sasa, na mimi na huyu hatutakuja huku mpaka ugonjwa upite. Baba yake nimemtumia salamu kwa mtu wa bodaboda asirudi Jumamosi. Akae huko huko."

Alisema hivyo kama anayepanga nani atachota maji kesho. Akageuka aende zake.

Mtu akinifanyia wema ambao mimi ndiye niliyepaswa kuufanya, naumia vibaya, na nikiumia nafoka. Nilimfuata, nikamgeuza, nikafungua fundo la kanga yake nikamtoa Mahoro mgongoni, mama mtu akiniuliza nafanya nini.

"Wanakwenda wote wawili," nilisema. "Nitasema ni mapacha."

"Mapacha?"

"Nimezaa mapacha. Nani atabishana na tumbo langu?"

"Mama Cleophace, nesi yule ndiye aliyekuzalisha."

"Siku hizi mezani anakaa Gideon. Wewe utakaa benchi la nyuma na utanyamaza. Kunyamaza unakuweza."

Njia nzima nilitembea mbele na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na njia nzima niliongea. Nilimwambia woga wake umetufikisha hapa. Nilimwambia kama angejipanga foleni siku ile, leo tungekuwa tunakwenda kliniki kama watu wengine. Yeye alinifuata nyuma, na kila nilipogeuka nilimwona anaangalia miguu ya Mahoro inavyoning'inia.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka nje. Habari ya Murongo ilikuwa imewatoa wanawake hata wa vitongoji vya mbali. Gideon alikuwepo, lakini alikuwa upande wa sindano. Mezani, na kishikwambi mbele yake, alikaa Kemilembe.

Ilikuwa ni kurudi nyumbani au kusonga mbele, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikasonga mbele.

"Restuta," alisema.

"Nesi."

"Huyu ni Vero, namjua. Na huyu?"

"Pacha wake."

Benchi la karibu lilisogea ili lisikie vizuri. Kemilembe aliweka kalamu chini.

"Mimi ndiye niliyekuzalisha. Walitoka wangapi?"

"Wawili."

"Huyo wa pili alitoka mimi nikiwa wapi?"

"Ulikuwa umechoka."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka, lakini hakunifukuza pia. Alipiga picha mistari ya kadi ya Vero, akatazama kioo, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa uzito unaopanda na kushuka. Akamtazama Vero, mashavu yake. Akamtazama Mahoro.

"Kumbe," alisema.

Nilisubiri anifokee, maana ananifokea hata ninapopumua. Alivuta kiti karibu na meza, akashusha sauti.

"Sindano nitawapa wote wawili, hilo lisikusumbue. Lakini huyu lazima awe na namba yake mwenyewe. Asipokuwa nayo, siku akikosa kuja sitajua kwamba amekosa, wala sitamtuma mtu kumtafuta. Nahitaji jina lake, kijiji, na jina la mama. Mama yake ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jina la mtoto?"

"Mahoro."

"Mahoro Apolinary?"

Hapo nilisita. Si kwa ajili ya uongo, uongo ulikuwa umeshazoea njia. Nilisita kwa sababu nilisikia jinsi jina lenyewe lilivyokaa sawasawa. Kuanzia siku ile Mahoro angekuwa na namba, angepata chanjo zake zote, na popote ambapo mtu angemtafuta angemkuta ni binti yangu. Kantengwa asingekuwemo mahali popote. Niliona ni bei ndogo. Ndivyo nilivyoona wakati ule.

"Ndiyo," nilisema. "Mahoro Apolinary."

"Siyo."

Kantengwa alikuwa amesimama kule nyuma. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini zahanati nzima iligeuka.

"Ni Mahoro Hagenimana," alisema. "Mama yake ni mimi. Andika Kantengwa."

Nilimkazia macho ili akae. Hakukaa. Alipita katikati ya watu na miguu yao na vikapu vyao mpaka mezani, akamchukua mtoto wake kifuani mwangu, akampakata.

"Lakini kabla hujaandika," alimwambia nesi, "niambie hiki kinasomwa na nani."

Kemilembe angeweza kumpa maneno matamu. Watu wa serikali wanayo mengi, nami nilikuwa nayategemea. Siku ile nilimheshimu yule mwanamke kuliko siku zote, kwa sababu hakuyatoa.

"Nakisoma mimi," alisema. "Wanakisoma wilayani, wajue watoto gani hawajaja na chanjo zimebaki ngapi. Hapa hapaulizwi mtu ametoka wapi. Tazama mwenyewe." Alikigeuza kioo upande wa Kantengwa. "Huko juu zaidi kama kuna mwingine anakifungua, siwezi kukuapia. Mimi nakitumia kumtafuta mtoto ambaye hajaja. Zaidi ya hapo sijui."

Kantengwa alikitazama kile kioo, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka chini. Mahoro alikuwa anavuta ncha ya kanga yake ili aitie mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale na Vero mgongoni, mkono mmoja mtupu.

"Andika," alisema.

Nesi aliandika. Aliuliza kijiji, akajibiwa. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, tukajibu wote wawili kwa pamoja. Aliuliza namba ya simu, na kwa kuwa Kantengwa hana, nikaitaja ya Apolinary.

"Mtarudi mwezi ujao," Kemilembe alisema huku anaandika. "Wote wawili. Hizi sindano za paja mlizozikata vipande kama nyama ya sikukuu, lazima tuzimalizie." Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Huyu ni mtoto wako wa ngapi?"

Ni swali la kila kliniki. Mimi nimelijibu kwa kila mtoto wangu, na nilitaka kumjibia na yeye. Nilishafungua mdomo kusema wa kwanza.

"Wa pili," Kantengwa alisema.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anamtazama nesi.

"Na yule wa kwanza yuko wapi? Naye mlete tumwangalie chanjo zake."

"Wa kwanza alikufa. Alikufa kwa surua, pale Murongo, mwaka ule wa operesheni, tulipokuwa tunaondoka, tukisubiri kuvuka. Sindano yake ilikuwa wiki ile ile. Kadi yake ilibaki nyumbani."

Kidole cha Kemilembe kilibaki juu ya kioo.

"Aliitwa nani?"

"Theoneste."

Nje kulikuwa na watoto wanalia na mtu anauza maandazi. Kemilembe alitazama kishikwambi chake, akapandisha ukurasa, akaushusha, kama anayetafuta mahali.

"Humu hapana pa kumweka," alisema.

"Najua," Kantengwa alisema. "Nimekutajia tu."

Nimelima na mwanamke huyu misimu mingapi sijui. Nimemshika mkono akijifungua. Tumekula ndizi za mkungu mmoja, na sikuwahi kumwuliza kama aliwahi kuzika. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia njia nzima kwamba ni woga wake uliotufikisha pale. Naye, akijua surua inafanya nini kwa mtoto, akijua kwa mikono yake mwenyewe, ndiye aliyekuja akasimama uani kwangu akaniambia nimpeleke wa kwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilimpenda, na sikujua namna ya kusema lolote kati ya hayo mbele ya watu wote wale. Nilimwekea mkono begani. Hakuutoa.

Kemilembe alibandika mistari kwenye kadi mpya, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Halafu aliinuka mwenyewe, akampokea Gideon sindano.

"Haya, Mama Theoneste," alisema, "mkalishe mtoto mapajani, umshike mkono huu asirushe."

Hakuna mtu wa Nyabiyonza aliyekuwa amewahi kumwita hivyo. Kantengwa aliitika, akakaa, akamkalisha Mahoro mapajani na kumshika mkono.